Nakshi: neno lililoanzia kwenye patasi

Wanafunzi wa sekondari wanaotusikiliza huuliza maana ya neno la Kiingereza "ornate". Jibu la haraka ni "chenye nakshi nyingi". Lakini nakshi yenyewe ni nini? Tunaitaja kwenye milango, kwenye hotuba, hata kwenye karatasi tunazoletewa kutia sahihi.

Neno hili tumelipata kutoka Kiarabu, naqsh, yaani kuchora kwa kuchonga: kuchimba alama kwenye mbao, jiwe au madini. Mfano mzuri ni milango ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingia katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka 2000. Fundi habandiki ua juu ya mbao. Anaondoa mbao kwa patasi, na kinachobaki ndicho ua. Hata mfaa, ule mti wa katikati unaoziba mwanya mlango ukifungwa, huchongwa vilevile, na kazi yake ya kuziba inaendelea.

Neno la Kiingereza lina asili ya Kilatini, ornare. Maana yake ilikuwa kupamba, na pia kuandaa kitu kwa vifaa vinavyohitajika, kama meli inayotayarishwa kwa safari. Kwa hiyo urembo na matayarisho vilikaa katika neno moja.

Pambo ni tofauti kidogo. Wanawake wa Kibarbaig, ambao wengi wetu mkoani Singida tunawafahamu, hushona shanga kwenye mavazi ya ngozi. Shanga zimeongezwa juu; ukizifumua, ngozi inabaki. Nakshi ya mlango huwezi kuifumua. Ukitaka kuifuta, itabidi upunguze mbao yenyewe. Katika mazungumzo ya kawaida tunachanganya nakshi na pambo, na sisi hatuoni ubaya.

Ila kwenye maneno, tofauti hiyo inaweza kukuokolea gunia. Tuseme mnunuzi wa alizeti amefika kijijini na mkataba wa kilimo. Karatasi inasema "ushirikiano wa kudumu", "mkulima wa kisasa", "soko la uhakika". Jaribu kuyafumua hayo, kama shanga. Kama zimebaki bei ya kilo, tarehe ya malipo, nani analeta mbegu na nani anabeba hasara mvua ikikatika, basi kuna ngozi chini yake. Kama hakuna kilichobaki, ulikuwa unasomewa shanga tupu. Tusimlaumu kila msema vizuri, maana wazee wetu husema kwa mafumbo na bado shauri linaeleweka: nakshi yao imechongwa ndani ya jambo lenyewe.

Kuna neno jingine la ukoo huu: dibaji, yale maneno ya mwanzo wa kitabu. Nalo ni la Kiarabu, na lina undugu na dībāj, kitambaa cha hariri kilichofumwa kwa maua. Ukurasa wa kwanza ulifananishwa na kitambaa hicho kizuri. Mikataba mingi nayo huanza kwa kurasa za namna hiyo, na msomaji huchoka kabla hajazimaliza. Mwombe anayekusomea aruke hadi kwenye vifungu vyenye namba. Bei ya kilo, kama imeandikwa, utaikuta huko.