Wanafunzi wa kujitolea na shule za Nakuru: Uhusiano huanzia kwa mwenyeji

KILA ifikapo Juni na Julai, vyuo vikuu vya Ulaya na Amerika Kaskazini vinapofunga, vijana wenye mikoba mizito mgongoni huonekana wakishuka mjini Nakuru, Njoro, Gilgil na Naivasha. Baadhi yao ni wanafunzi waliokuja kujitolea shuleni kwa wiki chache kupitia vyama vya kubadilishana wanafunzi kama vile AIESEC, kupitia makanisa, au kupitia kampuni zinazowatoza ada kabla ya safari.

Shule nyingi huwapokea kwa mikono miwili. Hata hivyo, si kila mgeni huacha uhusiano nyuma yake. Wapo wanaoacha ukuta uliopakwa rangi na picha chache katika simu ya mwalimu, na wapo ambao shule huendelea kunufaika nao miaka mingi baadaye. Tofauti hiyo aghalabu haitokani na wema wa moyo, kwani wema haukosekani upande wowote. Hutokana na iwapo shule iliulizwa inataka nini kabla ya tiketi ya ndege kununuliwa.

Wahenga waliposema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, hawakusema mgeni aje na jembe lake na kujichagulia shamba.

Kalenda pekee yaweza kuvuruga mpango mzima. Likizo ndefu ya Mzungu huangukia muhula wa pili wa shule za Kenya, na anayewasili katikati ya Julai hukuta walimu wakihangaikia mitihani ya kufunga muhula. Wiki tatu baadaye shule imefungwa kwa likizo ya Agosti. Wengine hupendekeza kuwafundisha watoto wakati huo wa likizo, wasijue kwamba Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inapiga marufuku masomo ya ziada ya likizo. Mwalimu mkuu anayekubali kwa kuona haya kumkatalia mgeni hujitia yeye mwenyewe matatani.

Sheria ya Tume ya Huduma za Walimu (TSC) ya mwaka 2012 nayo haimruhusu mtu asiyesajiliwa na tume hiyo kufanya kazi ya ualimu. Kwa hivyo mwanafunzi kutoka ng'ambo anaweza kumsaidia mwalimu darasani, kusomesha kikundi kidogo mwalimu akiwapo, kuongoza michezo au kupanga maktaba, lakini hawezi kuachiwa darasa. Idara ya Uhamiaji pia ina lake: sheria ya mwaka 2011 inamtaka mgeni anayefanya kazi awe na kibali, iwe kazi hiyo ina faida au haina. Aliyeingia kama mtalii kisha akashika chaki hana kinga kwa kuwa halipwi.

Kuna pia suala la lugha, ambalo wageni wengi hulidhania dogo. Katika madarasa ya chini, sera ya nchi ni kufundisha kwa lugha inayotumika sana eneo la shule. Mjini Nakuru, ambako makabila mengi yamechanganyika, lugha hiyo huwa Kiswahili. Huko Kuresoi au Bahati huenda ikawa Kikalenjin au Kikuyu. Kijana mwenye Kiingereza cha puani aliyepelekwa gredi ya kwanza hufurahiwa sana na watoto, nao wasielewe lolote. Huyo huyo akipelekwa kwa wanafunzi wa sekondari msingi wanaojiandaa kwa mjadala au mradi wa sayansi, huwa na manufaa makubwa.

Pengine hakuna jambo linaloonyesha hatari ya kutouliza kuliko maji. Ardhi ya Bonde la Ufa ni ya volkano, na maji mengi ya chini katika eneo la Nakuru yana madini ya floraidi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kilichopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Mtoto anayeyanywa tangu utotoni huota meno yenye madoa ya kahawia, na kiasi kikubwa kwa miaka mingi hudhuru mifupa. Mgeni asiyejua huona meno hayo na kudhani watoto hawapigi mswaki, kisha huenda akarejea kwao kuchangisha pesa za dawa ya meno.

Mwingine huona wanafunzi wakibeba mitungi, akachangisha fedha za kuchimba kisima. Nia ni njema, lakini kisima kisichopimwa chaweza kuwa zawadi ya sumu. Wenyeji wanalijua hilo. Dayosisi ya Kanisa Katoliki ya Nakuru imejishughulisha kwa miaka mingi na teknolojia ya kuchuja floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ikishirikiana na watafiti wa Uswisi. Mwanafunzi wa kemia au uhandisi anayefika Njoro angefanya vyema kuuliza kwanza ni nani hupima maji ya shule, chujio libadilishwe mkaa lini, na kama tangi la kuvuna maji ya mvua halitoshi. Maswali hayo hayana mvuto wa picha ya bomba linalofunguliwa, lakini ndiyo yanayohusu afya ya mtoto.

Historia nayo ina funzo. Wahudumu wa Peace Corps ya Marekani walianza kufanya kazi Kenya mwaka 1964, na wale wa Japani wakafuata mwaka 1966. Wengi walifundisha hisabati na sayansi, wakiwemo waliopelekwa katika shule za harambee zilizokuwa na uhaba mkubwa wa walimu. Walikaa miaka miwili hivi na kujifunza lugha. Lakini ghasia za baada ya uchaguzi zilipozuka mapema mwaka 2008, Peace Corps iliwaondoa wahudumu wake. Ikarudi, kisha ikasitisha shughuli mwaka 2014 kwa sababu za usalama. Machi 2020 janga la corona liliwarudisha makwao wahudumu wake kote duniani. Uhusiano ulioshikiliwa na mtu mmoja huondoka naye uwanja wa ndege. Ulioandikwa katika kumbukumbu za Bodi ya Usimamizi, ukajulikana na wazazi na kukabidhiwa mwalimu maalumu wa kuusimamia, huhimili hata mwalimu mkuu anapohamishwa.

Bodi hiyo ndiyo inayopaswa pia kuuliza swali ambalo wengi huona si la heshima: huyu ni nani? Mwaka 2016 mahakama moja nchini Marekani ilimhukumu kijana kifungo cha miaka 40 kwa kuwadhulumu kingono watoto wa makao ya Nairobi alikokuwa akijitolea. Cheti cha polisi kutoka nchi ya mgeni, barua ya chuo chake, marufuku ya kuwa faraghani na mtoto au kusambaza picha zake bila idhini ya mzazi, si dharau kwa mgeni. Waraka wa TSC wa mwaka 2010 unamtaka mwalimu anayejua au kushuku dhuluma ya kingono dhidi ya mwanafunzi airipoti kwa muda wa saa 24. Hakuna sababu mgeni alegezewe masharti ambayo mwalimu mwenyeji hufuata. Mgeni mwenye nia safi hukubali bila kinyongo, na anayekasirika amekwisha kujieleza.

Jambo linalosahaulika zaidi ni kwamba kubadilishana maana yake ni pande mbili kutoa na kupokea. Kilometa chache kutoka shule zinazopokea wageni kuna Chuo Kikuu cha Egerton, kilichoanza mwaka 1939 kama shule ya kilimo, ambacho wanafunzi wake wa ualimu hupelekwa mashuleni kwa mazoezi ya kufundisha. Kumweka mgeni pamoja na mmoja wao hutatua tatizo la lugha na la sheria kwa mpigo, na mgeni anapoondoka mwenzake husalia nchini, ana namba zake na mipango yao.

Mipango mingine imekwisha kuvuka mipaka kwa njia zote mbili. Weltwärts, mpango wa serikali ya Ujerumani ulioanza mwaka 2008, ulikuwa ukituma vijana wa Kijerumani pekee hadi mwaka 2013, ulipofungua mlango kwa vijana wa nchi washirika kwenda kuhudumu huko. Shule ya Molo au Subukia inayopokea mgeni kila mwaka ina haki ya kuuliza shirika lililomleta, kabla ya kutia saini, ni lini kijana wa kutoka kwake atapewa nafasi, na ni nani atakayelipia nauli na viza yake.