Hukumu Ije Mwisho: Ufundishaji wa Fasihi tangu Homer hadi Darasa la Leo

Ufundishaji wa fasihi, yaani kazi ya kumwongoza mwanafunzi asikilize, asome, aelewe na hatimaye azipime kazi za sanaa zinazoundwa kwa lugha, ni wa zamani kuliko mengi ya masomo yanayojaza ratiba za shule hivi leo. Wagiriki wa kale waliujengea utaratibu ambao athari zake bado zinaonekana, na mjadala waliouanzisha haujafungwa: je, mwalimu aipeleke kazi ya fasihi darasani kwa ajili ya mafunzo yaliyomo au kwa ajili ya ufundi uliomo, na kati ya hayo mawili, lipi litangulie? Katika shule nyingi za Afrika Mashariki jibu lililozoeleka ni kwamba mafunzo ndiyo hutangulia, na jibu hilo limewanyima wanafunzi wengi fasihi yenyewe.

Kijana wa Kigiriki aliyepelekwa kwa mwalimu alianza na Homer, ambaye jina lake linahusishwa na tenzi mbili kuu: Iliad, yenye zaidi ya mistari 15,000, inayosimulia hasira ya shujaa Achilles katika vita vya Troya, na Odyssey, yenye mistari ipatayo 12,000, inayosimulia safari ndefu ya Odysseus kurudi kwao. Miongoni mwa maandishi ya fasihi ya Kigiriki yaliyofukuliwa katika mchanga wa Misri, hakuna yanayopatikana kwa wingi kama ya Iliad, na baadhi ya vipande hivyo ni mazoezi ya wanafunzi. Vijana walitarajiwa kukariri. Mwandishi Xenophon, katika masimulizi yake ya karamu moja ya Athens, anamwonyesha Niceratus akijivunia kwamba baba yake alimtaka ajifunze Homer wote, hata angeweza kuzighani tenzi zote mbili kwa moyo. Mara anakumbushwa kwamba waghani wa kulipwa nao wanazijua zote, lakini wanahesabiwa kuwa wapumbavu kwa sababu hawajui maana iliyofichika ndani yake. Hivyo, tangu karne ya 4 K.K., palikuwa na watu walioona kwamba kukariri si kuelewa.

Plato alikuwa na hofu nyingine. Katika kitabu chake kuhusu dola bora, Jamhuri, alidai kwamba washairi huigiza mambo wasiyoyajua, huwapa miungu tabia mbaya na huchochea hisia ambazo mtu mwema anapaswa kuzitawala, kwa hiyo sehemu kubwa ya ushairi iondolewe katika malezi ya vijana. Hofu hiyo haikufa pamoja naye. Riwaya ya Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, ilizuiwa kwa muda katika shule za Tanzania kwa jinsi ilivyozungumza waziwazi kuhusu maisha ya msichana na wanaume waliomtumia, kisha ikaja kuwa miongoni mwa riwaya za Kiswahili zinazosomwa na kuhakikiwa zaidi. Plutarch, Mgiriki aliyeandika zaidi ya miaka mia nne baada ya Plato, alitoa jibu ambalo bado lina nguvu: mfalme aliyeng'oa mizabibu kwa sababu ya walevi alikosea, maana alichopaswa kufanya ni kuyasogeza maji karibu na divai. Maji aliyoyakusudia ni uongozi wa mwalimu anayemzoeza kijana kuhoji kile anachosoma badala ya kumficha kisimfikie.

Aliyebadilisha swali lenyewe ni Aristotle, mwanafunzi wa Plato. Katika risala yake kuhusu ushairi hakuuliza kwanza kama tanzia, yaani mchezo wa kuigiza wenye tukio zito linaloamsha huruma na hofu, ni nzuri au mbaya kwa raia; aliuliza imeundwaje hata ikawa na nguvu hiyo. Alijibu kwamba roho ya tanzia ni msuko, yaani namna matukio yanavyopangwa hadi kila moja lionekane kuzaliwa na lililolitangulia, na mara kwa mara alitoa mfano wa tamthilia ya Sophocles ambayo wasomaji wa Kiswahili wanaijua kwa jina la Mfalme Edipode, kwa tafsiri ya Samuel S. Mushi iliyochapishwa mwaka 1971. Mwanafunzi akiambiwa kwamba dhamira ya tamthilia hiyo ni nguvu ya majaliwa, ameambiwa jambo la kweli lisilomsaidia chochote. Kinachomtikisa mtazamaji ni kwamba yeye anajua kile ambacho mfalme hajui, na kwamba mjumbe anayetoka Korintho kwa nia ya kumwondolea mfalme hofu ndiye anayeleta neno linalomwangamiza. Aristotle aliuita mpindo huo mgeuko wa hali, na hatua ya mhusika kutoka katika kutojua hadi kujua akaiita utambuzi. Utambuzi ulio bora, alisema, ni ule unaotokea pamoja na mgeuko.

Zana hizo mbili hazikufungwa Ugiriki. Katika Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein ya mwaka 1969 kuhusu Vita vya Majimaji dhidi ya utawala wa Wajerumani, kuna utambuzi wa namna yake: Kinjeketile, akiisha kutokwa na mzuka wa Hongo, anaelezwa kwamba miongoni mwa maneno yaliyotoka kinywani mwake ni ahadi kwamba baada ya Mjerumani kuondoka watu watakuwa watoto wa Seyyid Said, sultani wa Zanzibar. Yeye aliyewaunganisha watu ili wajikomboe anagundua kwamba unabii wake umebeba utumwa mwingine, na kuanzia hapo shaka inamla, huku maji aliyoyatoa kama kinga ya risasi yakiwa tayari yamekwisha kuwatia watu imani asiyoweza kuirudisha. Mwanafunzi anayeandika kwamba maudhui ya tamthilia hii ni umoja na ukombozi hajakosea, lakini asipoiona saa hiyo ya shaka amesoma tangazo la kisiasa ambalo Hussein hakuliandika.

Hapa ndipo mgawanyo wa fani na maudhui, unaotawala ufundishaji wa fasihi ya Kiswahili, unapohitaji kuangaliwa upya. Fani ni ufundi wa kazi, kama vile muundo, mtindo, wahusika, mandhari na matumizi ya lugha. Maudhui ni yale yanayosemwa, kama vile dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa na msimamo. Kama njia ya kuanza kuzungumza, mgawanyo huo unafaa. Ubaya huja unapogeuka orodha mbili za kujazwa, kwa sababu orodha ya maudhui inaweza kujazwa bila kitabu kufunguliwa, na vijitabu vya mwongozo vinavyouzwa madukani huijaza kwa bei nafuu. Hata maswali ya dondoo yanayoulizwa katika mitihani ya Kenya, ambayo yalikusudiwa kumrudisha mwanafunzi kwenye maneno halisi ya mwandishi, hukaririwa mapema: msemaji ni nani, msemewa ni nani, walikuwa wapi na kwa nini.

Wagiriki walikuwa na utaratibu uliokwenda kinyume na huo. Katika maktaba kuu ya Alexandria, tangu karne ya 3 K.K., wataalamu walilinganisha nakala zilizotofautiana za Homer. Zenodotus aliweka alama ya mstari mfupi pembeni mwa beti alizozitilia shaka badala ya kuzifuta, ili msomaji ajiamulie mwenyewe. Dionysius Thrax, aliyefundishwa na Aristarchus, mhakiki mashuhuri wa Alexandria, aliandika kitabu kidogo kilichougawa ujuzi wa mwalimu wa lugha na fasihi katika sehemu sita. Ya kwanza ni kusoma kwa sauti kwa ustadi, kufuata lafudhi na mapigo ya shairi. Kisha hufuata ufafanuzi wa tamathali, maelezo ya maneno magumu na visa vinavyotajwa, asili ya maneno, na kanuni za maumbo yake. Hukumu juu ya mashairi aliiweka mwisho, akisema ndiyo nzuri kuliko zote. Mpango huo una busara kubwa, kwani hukumu inayotangulia sikio si hukumu ya msomaji bali ni ya mtu mwingine, iliyoazimwa.

Katika karne ya 20 jambo hilo lilijaribiwa kwa vitendo. I. A. Richards, mwalimu wa Cambridge, aliwapa wanafunzi wake mashairi yasiyo na majina ya watunzi wala tarehe, akawataka waandike maoni yao, na kitabu alichotoa mwaka 1929 kilionyesha kwamba vijana waliosoma katika shule bora walishindwa hata kufahamu maana ya kawaida ya beti, wakajificha nyuma ya majibu yaliyozoeleka. Miaka michache baadaye Mmarekani Milman Parry aliwarekodi waghani wa Yugoslavia waliotunga tenzi ndefu papo hapo kwa kutumia mafungu ya maneno yanayorudiwarudiwa, na kwa njia hiyo akaimarisha hoja kwamba tenzi za Homer zilizaliwa katika mapokeo ya mdomo. Kumbe msingi wa fasihi ya Ulaya ulikuwa fasihi simulizi, jambo ambalo watu wa Pwani, waliozoea tenzi zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu na kughanwa mbele ya hadhira, wasingelishangaa.

Ndiyo maana waraka ulioandikwa katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi tarehe 24 Oktoba 1968 na Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba bado una uzito. Walitaka Idara ya Kiingereza ifutwe, fasihi ya Afrika iwekwe katikati ya masomo na fasihi za mahali pengine zipangwe kwa uhusiano wake nayo, na fasihi simulizi ipewe nafasi ya msingi. Wagiriki hawakufukuzwa, waliombwa tu waache kukaa kwenye kiti cha mwenye nyumba. Waraka huo ulibadilisha vitabu vinavyosomwa, lakini namna ya kuvisoma imebaki nyuma.

Mwalimu hahitaji fedha wala mtaala mpya ili kulirekebisha hilo. Asome sura ya kwanza ya riwaya kwa sauti mbele ya darasa, awaachie wanafunzi wasome tamthilia kwa kugawana wahusika, na asiandike neno dhamira ubaoni kabla kitabu hakijasomwa hadi mwisho. Watunga mitihani nao wamuunge mkono: walete mtihanini shairi au kifungu ambacho hakuna mwongozo uliowahi kukigusa, na wakipe alama nyingi kuliko orodha za maudhui.