Seli Inayojua Kusimama

Ukijikata kidole ukimenya mhogo, seli za ngozi pembeni mwa jeraha huanza kugawanyika: moja inakuwa mbili, mbili zinakuwa nne. Baada ya siku kadhaa mwanya umezibika, na hapo ndipo penye ajabu: seli zinaacha. Kidole hakiendelei kunenepa mpaka kikawa kama gunzi. Uzima wa mwili umo katika kule kuacha.

Anayetoa ruhusa ya kugawanyika na anayeinyima ni protini. Mwaka 1982 Tim Hunt, akiwa Woods Hole, Marekani, alichunguza mayai ya jamii ya wale viumbe wa baharini wenye miiba wanaowachoma wavuvi wetu miguuni. Aliona protini moja ikijaa ndani ya yai, ikitoweka ghafla kila mgawanyiko ulipofika, kisha ikijaa upya. Akaiita saiklini. Saiklini hushikana na kimeng'enya kiitwacho CDK, na vikishikana seli huvuka kwenda hatua inayofuata. Saiklini ikivunjwa, ruhusa imekwisha. Mwaka 2001 Hunt alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Leland Hartwell na Paul Nurse.

Upande wa breki ipo protini iitwayo p53. Vinasaba vikijeruhiwa, tuseme na jua kali au moshi wa sigara, p53 huchochea kutengenezwa kwa protini nyingine, p21, inayoibana CDK. Seli husimama, ikajikarabati. Uharibifu ukizidi, p53 huisukuma seli ijiue. Takriban nusu ya saratani za binadamu zina jeni ya p53 iliyoharibika.

Kirusi cha HPV hufika huko kwa njia nyingine. Ili kizaliane, kinahitaji seli isiyopumzika. Basi protini yake ya E6 huipeleka p53 ikavunjwe, na E7 huifunga Rb, protini inayoizuia seli kuanza mzunguko mpya. Gari limeachwa mteremkoni bila breki. Mara nyingi mwili hukiondoa kirusi wenyewe. Kikikaa miaka mingi, makosa ya vinasaba hurundikana, na saratani ya shingo ya kizazi huota.

Aina ya 16 na ya 18 husababisha takriban asilimia 70 ya saratani hiyo. Ndizo zinazolengwa na chanjo iliyoanza kutolewa nchi nzima Tanzania mwaka 2018, na Kenya mwaka 2019. Chanjo haiiponyi seli iliyokwisha kuambukizwa; hukizuia kirusi mlangoni. Ndiyo maana wasichana huchanjwa mapema, p53 yao ingali kazini.