Feni ya Rejeta Isiyozimika

Gari la chama cha msingi ni mali ya wanachama wote, na likisimama katika msimu wa kununua mazao, mizigo ya watu wengi husimama nalo. Ndiyo sababu dereva anapomletea katibu habari kwamba feni ya rejeta haizimiki, yafaa kosa litafutwe kwanza kabla ya kukata waya wowote.

Katika malori mengi feni huzungushwa na injini yenyewe kwa mkanda, nayo huzunguka wakati wote injini inapokwenda. Hilo si kosa. Linalohusika hapa ni feni ya umeme, iliyomo katika magari madogo mengi. Hiyo huwashwa maji ya rejeta yanapofikia joto fulani, aghalabu kati ya digrii 90 na 100 za sentigredi, kisha huzimwa yanapopoa kidogo. Magari mengine huiacha izunguke dakika kadhaa baada ya injini kuzimwa. Tena, kiyoyozi kikiwashwa, feni huzunguka hata injini ikiwa baridi, na si ajabu fundi akalipwa kwa sababu ya swichi ya kiyoyozi iliyosahauliwa.

Kipimo kilicho bora ni cha asubuhi, injini ikiwa imepoa kabisa na kiyoyozi kimezimwa.

Feni ikizunguka hata ufunguo ukiwa umetolewa, yashukiwe kwanza rilei, yaani swichi ndogo ivutwayo kwa umeme, ambayo mara nyingi hukaa katika sanduku la fyuzi. Ncha zake huungua na kugandana. Fundi aichomoe, aweke nyingine ya namba ile ile. Feni ikinyamaza, kosa limepatikana, na kwa kawaida gharama yake ni ndogo. Ikiwa feni yaendelea hata rilei imechomolewa, kuna waya uliochubuka na kugusana na wenye umeme.

Ikianza mara tu ufunguo unapofunguliwa, maji yakiwa bado baridi, mashaka huenda kwenye kipima joto na soketi yake. Kompyuta ya injini isipopata habari za joto, huiwasha feni kwa usalama. Magari ya zamani hayana kompyuta hiyo, bali swichi ya joto, na hapa mafundi hukosea: katika baadhi ya Toyota za miaka ya 1980 na 1990, kuichomoa swichi hiyo ndiko kunakoiwasha feni. Kwa hiyo waya uliokatika hutoa dalili ile ile ya swichi mbovu.

Lakini feni ikianza baada ya injini kupata moto, kisha isikome, huenda inafanya kazi yake kwa haki. Maji yamepungua, au rejeta imezibwa kwa vumbi na makapi, au thamostati haifunguki. Kubadilisha rilei hapa ni kupoteza fedha.

Baya kuliko yote ni dereva kuchomoa fyuzi ili kuokoa betri, kisha kusahau. Ni kweli kwamba feni inayovuta ampea 15 yaweza kumaliza betri ya ampea-saa 45 katika muda wa saa tatu hivi. Hata hivyo, betri huchajiwa tena, ilhali injini iliyochemka huunguza gasketi na kupinda silinda hedi. Gari likilala, afadhali kufungua waya hasi wa betri na kuurudisha asubuhi.

Mfuniko wa rejeta usifunguliwe maji yakiwa ya moto, wala mkono usipelekwe karibu na feni kabla ya kufungua waya huo, kwani yaweza kuanza ghafla hata injini ikiwa imezimwa.

Kifaa kilichobadilishwa kirudishwe ofisini, na namba yake iandikwe katika daftari la gari kabla katibu hajatia sahihi hati ya malipo.