Hatua 70 kwa 70 ni ekari, lakini kwa miguu ya nani?

Vijana wengi mnakodi mashamba kwa kipimo cha hatua 70 kwa 70, mkiambiwa hiyo ndiyo ekari. Siyo uongo. Ila hesabu inakubali pale tu hatua moja ikiwa yadi moja, yaani sentimita 91. Hapo unapata mita 64 kila upande, sawa na mita za mraba 4,096, na ekari ni 4,047. Wazee walipatia!

Sasa mpimaji akitembea kawaida tu, hatua ya sentimita 75, kila upande unatoka mita 52 na nusu. Hiyo haifiki hata ekari 0.7, na wewe umelipia nzima. Ukimwaga humo mbolea ya ekari moja, umezidisha karibu nusu.

Kwa hiyo pima hatua yake kwanza kwa futikamba. Halafu angalia kona, maana shamba likilalia upande, eneo linapungua hata kama pande zote nne ziko sawa. Unga kamba ya katani iwe duara la mita 12 (nailoni siitaki, inavutika), weka alama tatu zenye nafasi ya mita 3, 4 na 5. Watu watatu washike alama na kuvuta. Pale upande wa 3 unapokutana na wa 4 ni nyuzi 90 kamili. Chomeka mambo hapo.

Kama unanunua kabisa, majirani wa pande zote wawepo siku ya kupanda minyaa mpakani. Uchagani wanapanda masale, na hakuna anayeyang'oa ovyo.