Linux ya Kulipia na Linux ya Bure: Mnunuzi Hununua Nini?

Watu wengi wakisikia kwamba Linux hupatikana bure, hushangaa kuona kwamba yako makampuni yaliyotajirika kwa kuiuza. Mwaka 2019 kampuni ya IBM ya Marekani ililipa dola bilioni 34 kuinunua Red Hat, kampuni ambayo imekua kwa biashara ya hiyo hiyo Linux. Basi ni haki mtu kuuliza: ikiwa kitu chapatikana bila malipo, anayelipa hulipia nini? Katika makala haya tutajaribu kulijibu swali hilo, kwa kuwa jawabu lake lamhusu kila mkuu wa shule, karani na mwenye duka anayetaka kuingiza kompyuta katika kazi yake.

Tuanze na asili. Linux, kwa maana yake halisi, ni kiini tu cha mfumo unaoendesha kompyuta. Kiini hicho kilianzwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, nchini Ufini. Mwaka 1992 alikiweka chini ya leseni ya GPL, iliyotungwa na Richard Stallman wa Marekani. Leseni hiyo yampa kila mtu ruhusa ya kuitumia programu, kuyasoma maandishi yake ya asili, kuyageuza na kuwagawia wengine. Sharti lake kubwa ni kwamba anayegawa asimnyime mpokeaji haki zile zile alizopewa yeye. Haikatazi kuuza. Hapo ndipo wengi wanapoteleza, kwani "huru" na "bure" ni maneno mawili yenye maana mbalimbali.

Lakini kiini peke yake hakimfai mtu, kama vile injini isivyofaa pasipo gari. Zahitajiwa programu za kuandikia, kuchapia, kusikilizia sauti na kadhalika. Wakatokea watu wa kuzikusanya, kuzipatanisha na kuzitoa pamoja na kiini. Kazi hiyo tutaiita mkusanyo. Mkusanyo wa Debian, ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, ni wa watu wa kujitolea. Ile ya SUSE ya Ujerumani, Red Hat ya Marekani na Mandrake ya Ufaransa ilikuwa ya makampuni, nayo yalitafuta riziki.

NYONGEZA ZENYE KUFULI

Makampuni hayo yalikabiliwa na tatizo: utauzaje kitu ambacho jirani yako anaruhusiwa kukinakili na kukigawa? Njia moja iliyopatikana ni kutia ndani ya kasha programu za nyongeza zisizo huru. Hizi ndizo programu miliki, yaani zile ambazo mwenyewe huzifungia haki ya kunakili, na mara nyingi huyaficha maandishi yake ya asili. Mandrake, kwa mfano, ilitoa toleo la bure lililokusanya programu huru tupu, kisha ikauza toleo lililoitwa PowerPack, ambalo ndani yake mlikuwa na programu miliki. SUSE nayo ilikuwa na YaST, chombo cha kusimika na kurekebisha mfumo. Maandishi yake yaliweza kusomwa, lakini leseni yake haikuruhusu mtu mwingine kuuza nakala. Ni mwaka 2004 tu, baada ya SUSE kununuliwa na kampuni ya Novell, ndipo YaST ilipowekwa chini ya GPL.

Tusidhani kwamba nyongeza hizo zilikuwa hila tupu ya wafanyabiashara. Nyingine zilitokana na sheria. Muziki wa MP3 ulilindwa na hataza, yaani haki ya mvumbuzi ya kutoza ada kwa muda fulani, na miongoni mwa wenye hataza hizo ilikuwamo taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani. Anayegawa mkusanyo bure atailipaje ada hiyo, naye hajui nakala zake zimefika kwa watu wangapi? Ndiyo maana Red Hat iliuondoa uwezo wa kucheza MP3 katika toleo lake la 8.0 la mwaka 2002. Filamu za DVD nazo zilifungwa kwa kufuli la siri. Kijana wa Norwei, Jon Johansen, alishtakiwa kwa kushiriki kutoa programu ya kulifungua mwaka 1999, na mahakama ikamwachilia mwaka 2003. Katika hali hiyo, kampuni iliyomlipa mwenye haki na kumwuzia mteja programu halali ilikuwa ikiuza kitu cha kweli.

KISA CHA QT

Hata hivyo, kufuli lina gharama yake. Mwaka 1996 ulianzishwa mradi wa KDE, uliokusudia kuipatia Linux meza ya kazi yenye kupendeza. Lakini ulijengwa juu ya Qt, mali ya kampuni ya Trolltech ya Norwei, ambayo leseni yake wakati huo haikuwa huru. Mandrake iliipokea KDE kwa mikono miwili tangu toleo lake la kwanza la mwaka 1998. Debian ilikataa kuitia katika mkusanyo wake. Wengine wakaona heri kujenga meza nyingine, na mwaka 1997 ukazaliwa mradi wa GNOME. Mwishowe, mwaka 2000, Trolltech iliitoa Qt chini ya GPL, na kizuizi kikaondoka. Waliokataa walionekana wakaidi, lakini mashindano waliyoyaleta yalichangia kufuli kufunguliwa.

Muda nao umetoa hukumu yake. Mpango wa kutoza ada za hataza za MP3 ulikoma mwaka 2017, na leo mikusanyo ya bure huucheza muziki huo bila hofu. Programu ya Flash, ambayo zamani ilihesabiwa kuwa nyongeza ya lazima, iliachwa na mwenyewe, kampuni ya Adobe, mwishoni mwa mwaka 2020. Mandrake, iliyobadili jina kuwa Mandriva mwaka 2005, ilivunjwa mwaka 2015. Hapa pana somo. Programu huru za mkusanyo wake hazikufa pamoja na kampuni, kwani tangu mwaka 2010 baadhi ya watu wake walikuwa wamezichukua na kuanzisha mkusanyo wa Mageia. Lakini nyongeza zenye kufuli hawakuwa na haki ya kuzichukua. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao.

Kwa upande mwingine, usafi nao una mipaka. Mwaka 2022 wanachama wa Debian, walio wakali kuliko wengi katika jambo hili, walipiga kura kuruhusu programu ndogo zisizo huru ziingizwe katika diski ya kusimikia, kwa kuwa bila hizo vifaa vingi vya sasa, hasa vya mtandao usiotumia waya, haviamki. Jambo hilo likatekelezwa katika toleo la 12 la mwaka 2023.

Basi mnunuzi afanye nini? Kwa maoni yetu, kulipia kazi ya watu si hasara. Red Hat hasa huuza marekebisho ya muda mrefu na wataalamu wa kuitwa mambo yanapoharibika, na hospitali au benki yaweza kuvihitaji. Lakini kulipia nyongeza yenye kufuli ni jambo jingine, na kabla ya kutoa fedha yafaa kuuliza maswali matatu. Je, iko programu huru inayofanya kazi ile ile? Je, mwenyewe akifunga duka, kazi yetu itaendelea? Je, nyaraka tutakazoziandika kwa programu hiyo zaweza kufunguliwa kwa nyingine?

Swali la tatu ndilo zito kuliko yote. Programu yaweza kununuliwa tena, lakini daftari la wanafunzi wa miaka 10 lililofungiwa ndani ya programu iliyokufa halinunuliki. Mnunuzi na atie kufuli lolote analolitaka, mradi asiwekewe kufuli juu ya kumbukumbu zake mwenyewe.