Je, Wajua? Buluu Iliyopatikana kwa Sadfa
Je, wajua ya kuwa ile buluu iliyokoza, aliyoipata mtengenezaji rangi Diesbach kwa sadfa mjini Berlin mwanzoni mwa karne ya 18, hali akitaka rangi nyekundu, ni mtandao wa atomi za chuma zilizofungamanishwa pande zote sita kwa viungo vya kaboni na naitrojeni? Kuitengeneza ni kazi sahali, kwani maji ya chumvi mbili mahususi za chuma yakichanganywa, mashapo ya buluu hutokea papo hapo. Ama siri ya umbile lake, hiyo haikuanza kufichuka ila mwaka 1936, wanasayansi Keggin na Miles walipoichunguza kwa eksirei. Na la ajabu zaidi, vijinafasi vilivyomo ndani yake hunasa sesiamu, hata waathiriwa wa mionzi ya sesiamu wa Goiânia, Brazili, mwaka 1987, walitibiwa kwa kumezeshwa rangi hiyohiyo.